Jiwe la Zeraho

Imepokelewa kwa waliotutangulia, na Mola ndiye mjuzi zaidi, kwamba Wana wa Israeli walipotoka uhamishoni Babeli wakarudi nchi ya baba zao, kila aliyedai shamba alisimamishwa mbele ya wazee aitaje nasaba yake, baba kwa baba, hadi kwenye shina la kabila. Ardhi ile haikuwa ya mjanja wala ya mwenye misuli. Mola aliwaahidi mababu, ikagawanywa kwa kura, kabila kwa kabila. Asiyewajua watu wake hakulijua shamba lake.

Kulikuwa na mjane wa kabila la Benyamini, Naara binti Ginathi, mcha Mungu. Baba yake hakuacha mtoto wa kiume, na Sheria ya Musa humrithisha binti wa namna hiyo. Alilodai ni shamba moja tu, kando ya Anathothi. Akilikosa, yeye na bintiye wangeokota masazo ya mavuno ya watu mpaka waingie kaburini.

Nasaba alifundishwa na bibi yake mzaa baba wakikanda unga, kila jina konde moja kwenye unga. Hata uzeeni Naara hakuweza kuitaja mikono ikiwa imetulia.

Sasa, katika majina yale palikuwa na donge. Babu wa saba, Zeraho, aliwahi kusogeza jiwe la mpaka akamega shamba la jirani, na kwa watu wale hiyo ni laana. Ukoo mzima ukaapa kutomtaja. Watoto wakafundishwa kumruka kama warukavyo kinyesi cha punda. Bibi yule peke yake ndiye aliyekataa.

Asubuhi ya madai, wanawake wenzake wakamnasihi Naara naye amruke, asijiharibie. Akawajibu, "Nikimtoa yeye, mwanawe nitasema alizaliwa na nani?"

Akatangulia mdai mwenzake wa shamba lile lile, Elnaamu, mtu mwenye ndevu zilizopakwa mafuta, na ulimi vivyo hivyo. Alidai yeye ndiye mwanamume aliyebaki wa ukoo ule. Majina yakamtiririka bila kikwazo, na Zeraho hakuwamo. Wazee wakaridhika.

Naara akasimama, mikono ikaanza kukanda hewa. Watu wakacheka. Elnaamu akauliza kama bibi huyu anataja nasaba au anapika. Naara akaendelea. Alipofika jina la saba mikono ikasimama. Shamba lilikuwa pale mbele yake, konde moja tu la kuruka. Akakanda.

"Zeraho," akasema, "aliyesogeza jiwe la jirani yake, Mola amrehemu." Akaendelea mpaka kwa Benyamini.

Elnaamu akatabasamu. "Wazee wangu, amejihukumu kwa kinywa chake. Urithi apewe mzao wa mwizi?"

Mwandishi wa wazee, aliyeshika gombo la kale la mipaka ya mashamba, alilikunjua polepole, akamuuliza Elnaamu shamba lile limepakana na nini upande wa mawio. Elnaamu akakohoa, akasema ni mti.

Mwandishi akamgeukia Naara.

"Ni jiwe," akasema Naara. "Zeraho alilirudisha mwenyewe, amelibeba mgongoni, wazee wakishuhudia. Tangu hapo likaitwa kwa jina lake."

Mwandishi akasoma kwa sauti. Ndivyo ilivyoandikwa: mpaka wa mawio, jiwe la Zeraho, alilolirudisha. Kumbe Elnaamu majina aliyaokota kwa watu wa ukoo ule katika msafara wa kutoka Babeli, nao walimpa kama walivyofundishwa, pamoja na pengo lake. Shamba likaandikwa kwa Naara.

Enyi waja, Mola hakufunga agano na malaika. Alilifunga na watu, akijua fika ni watu gani, na ahadi yake ikapita kwa Zeraho bila kumruka. Basi wewe unayepunguza mababu ili upendeze barazani, angalia. Tawi unalolikata ndilo ulilokalia.