Namba ya Zamani Kwenye Kitako cha Ganda

Wapendwa, leo nawapeleka kwa fundi bunduki. Naona mama mmoja pale nyuma ameshika kifua. Tulia mama, fundi ana leseni, na bwana nyama wa wilaya, yule afisa wa wanyamapori, ni shemeji yake.

Fundi huyu alikuwa hodari. Risasi za kuwindia alizipakia mwenyewe, maana ganda la shaba likishafyatuliwa halitupwi. Linasafishwa, linatiwa baruti upya, linarudi kazini. Na kila ganda lina namba iliyopigwa chini, kwenye kitako, ya kusema ni la bunduki gani.

Sasa mzee mmoja mkulima akamletea bunduki ya kale ambayo risasi zake hazipo tena madukani. Fundi hakushindwa. Alichukua maganda ya bunduki nyingine, aina ile ile anayotumia shemeji yake, akayafupisha, akayapanua mdomo, akayabana mpaka yakaitii bunduki ya mzee. Yakawa maganda mengine kabisa. Lakini namba ya chini haikufutika. Mwili umebadilika, na kitako bado kinajiita jina la zamani.

Mkewe akaiona hatari kabla yake. Alimletea kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, akamwomba atie tone moja tu chini ya kila ganda alilobadilisha. Fundi alicheka sana, akamtania kwamba sasa hata vyuma vinapelekwa saluni.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akamwambia. "Haya nimeyatengeneza mimi mwenyewe. Nitayasahau vipi?"

Mama akarudisha kichupa chake chumbani. Na kusema kweli, fundi hakusahau hata siku moja. Mlishike hilo: hakusahau.

Kilichomwangusha ni henia. Alilazwa ghafla, akapasuliwa. Siku ya pili yake nyati akaingia kwenye mahindi ya watu, akamjeruhi mama mmoja aliyekuwa akipalilia. Bwana nyama akafika mbio nyumbani kwa fundi, kwa dada yake, ndiye mke wa fundi. Alikuwa amebakiwa na risasi mbili, na nyati mwenye hasira hafuatwi kwa risasi mbili. Dada akafungua kabati. Alijua za mzee zimeshachukuliwa wiki iliyopita. Hakujua kwamba nyingine zilizobadilishwa zilibaki mle kwenye kopo. Akazigeuza moja moja, akasoma kitako, akampa kaka yake tano zenye namba ya bunduki yake. Kaka naye akasoma, akaridhika, akaondoka.

Alifyatua mara moja tu. Risasi ilikuwa nene kuliko tundu la mtutu. Moto ulipokosa njia ya mbele ukarudi nyuma, na nyuma ndiko ulikokuwa uso wake. Jicho la kulia likaenda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nyati akaenda zake.

Hospitali ile ina wodi moja ya wanaume. Mke wa fundi alikwenda na chupa ya uji, akawakuta wote wawili, kitanda kwa kitanda: mume ameshonwa tumbo, kaka amefungwa bandeji kichwa kizima. Muuguzi akamkabidhi shati la kaka yake. Mama yule aliumia, jamani. Alijiona yeye ndiye aliyemtoa kaka yake jicho. Na mumewe, badala ya kumpoza, akamgeukia kwa ukali.

"Umempaje risasi za mzee? Hukusoma?"

Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile shati, akatoa risasi moja kati ya zile nne zilizosalia, akaigeuza kitako juu, akamwekea mumewe kiganjani.

"Nisomee wewe. Kwa sauti, na mgonjwa asikie."

Fundi akasoma. Ilikuwa namba ya bunduki ya shemeji yake, tarakimu kwa tarakimu.

Kitanda cha pili kikasema taratibu, "Ndiyo hiyo hiyo niliyoisoma mimi, shemeji."

Sasa niambieni, fundi huyu alidanganya wapi? Hakuandika uongo. Hakuandika chochote. Alijua, akatosheka na kujua kwake.

Na sisi je? Wewe baba uliuza nusu ya shamba kwa maneno ya mdomo. Hati bado inasema shamba lote ni lako, nawe unajiambia, mpaka naujua. Ukifa kesho wanao watasoma hati. Watashika panga wakiamini wana haki, na jirani naye atashika lake. Wewe mama umemimina dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, umeipandisha juu ya kabati, basi. Na ninyi mnaolea mtoto ambaye ukoo mzima unajua ni wa nani, isipokuwa yeye mwenyewe: siku atakapoleta mchumba, mtamwambia nini?

Najua tunavyojitetea. Tunasema, Mungu anajua. Kweli, wapendwa, Mungu anajua. Lakini siku utakapokuwa umelazwa, atakayefungua kabati lako si Mungu. Ni mkeo. Naye atampa kaka yake kile alichokisoma.