Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Usijifanye hukuliona. Ulipita mbele ya ubao wa matangazo wa Mtaa wa Mierebi, kola umeipandisha hadi masikioni, macho umeyatupa upande wa pili wa barabara kana kwamba ubao ule ungekung'ata. Tangazo lilikuwepo. Asiyekuwepo ni wewe. Wahenga, waliowajua vizuri watu wa namna yako, walisema mdharau mwiba mguu huota tende: atakayeliona jambo dogo asijali kuliinamia, jambo hilo hilo litamwinamisha siku moja. Hadithi hii ni ya mji wa Lipovgrad, na imeandikwa kwa ajili ya kila anayeudhani mwiba ni mdogo mno.

Kila majira ya machipuko, halmashauri ya mji huchapa tangazo moja refu kwa wakazi. Humo mna habari za maji kukatwa ili mabomba yatengenezwe, za kutochoma majani makavu uani, za siku ya gari la kubeba makochi mabovu, za kutopiga mazulia Jumapili watu wakiwa wamepumzika. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, husema hivi: safisheni dohani za moshi kabla ya kuwasha tena majiko. Halmashauri hulibandika mara moja, kisha hurudi kwenye kahawa yake. Wakazi hulitazama mara moja, kisha hurudi kwenye zao. Hivyo ndivyo mji wetu unavyokubaliana kufa.

Mtu mmoja tu hakukubali. Huyo ni Zdravka Pencheva, aliyekuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati hadi kilipofungwa. Alikuwa mwanamke mwembamba kama sindano, na kama sindano alichoma. Alipika gundi ya unga katika sufuria kuukuu, akalitembeza tangazo lile ubao kwa ubao, mlango kwa mlango, na kila lilipobanduliwa alilibandika upya. Watu wakamwita Zdravka wa Gundi. Walicheka, lakini walijua sababu. Miaka mingi nyuma, Aprili moja ya baridi, kaka yake Lyuben alikutwa amekaa mezani, kichwa amekilaza juu ya gazeti, mashavu mekundu kama ya bwana harusi. Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Dohani, iliyozibwa na kiota, haikutoa hata uzi wa moshi; sumu yake ilibaki chumbani. Mji mzima ulilia, ukalifuata jeneza hadi makaburini, ukala ngano ya kuchemshwa ya matanga. Kisha mji mzima ukasahau, isipokuwa dada mtu.

Ukweli ni kwamba watu wa Lipovgrad wana haraka na jua. Siku za kwanza za joto zikifika, kila nyumba hung'oa bomba la jiko, hulipeleka uani kulikung'uta masizi, huziba tundu la ukutani kwa matambara na kupaka chokaa kwa ajili ya Pasaka. Jiko husukumwa pembeni, likafunikwa kitambaa cha mezani na kuwekewa chungu cha maua, kama jambazi aliyevishwa kanzu ya kanisani. Nayo baridi ya hapa ni kikongwe mwenye hasira: hujifanya ameondoka, kumbe amesimama nyuma ya mlango. Akirudi, watu huliunga bomba mbio mbio, vidole vimekufa ganzi, wala hakuna anayekumbuka kuuliza ni nani aliyehamia ndani ya dohani wakati wa joto.

Jirani wa Zdravka aliitwa Dimo Kerezov, mgane, dereva mstaafu wa lori, mtu wa maneno matamu na kazi za kesho. Asubuhi moja alimkuta Zdravka akibandika, watu wakisubiri duka la mikate lifunguliwe.

"Haya, Zdravka wa Gundi," alisema kwa sauti ya kutafuta wasikilizaji, "leo halmashauri inasemaje? Tupige chafya siku gani?"

"Inasema usafishe dohani. Kunguru wanaingia na kutoka kwako kama wapangaji."

"Waache wazae! Nyumba ya mgane inataka kelele za watoto."

Watu wakaangua kicheko. Zdravka hakugeuka, aliendelea kulainisha karatasi kwa kiganja.

"Baridi itarudi, Dimo."

"Irudi wapi? Bomba nimeshalitia bandani. Plamu zimechanua. Korongo, aletaye joto, nimemwona kwa macho yangu haya, ametua kwenye paa la kanisa. Au korongo naye hasomi matangazo yako?"

Hapo Zdravka akageuka, sufuria mkononi. "Ulibeba jeneza la Lyuben," alisema taratibu. "Mbele, upande wa kulia. Ulilia kuliko mimi."

Kicheko kilikatika kama uzi. Dimo akaivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo. "Lyuben alikuwa na bahati mbaya, jirani."

"Bahati haijengi viota, Dimo."

Hazikupita siku mbili, tangazo likafunikwa tena. Safari hii lilifunikwa na tanzia. Mjini kwetu marehemu hutangazwa kwa karatasi yenye ukingo mweusi na picha, hubandikwa ubaoni, getini, hata kwenye miti. Mtu akitimiza arobaini hubandikwa tena, akitimiza mwaka hubandikwa tena. Mtu anayepita mbio kwenye tangazo la halmashauri, akiuona ukingo mweusi husimama. Huvua kofia. Huvaa miwani. Zdravka aliwatazama wakisimama hivyo mbele ya ubao wake, wakiwasoma wafu neno kwa neno, na hasira ikampanda hadi kwenye nywele. Walio hai wakiambiwa namna ya kuishi hawasomi, alijisemea, ila kufa wanasoma mpaka nukta! Basi na wasome.

Siku ya Ijumaa mbingu zikageuka. Kufikia jioni theluji ilikuwa imeyalalia maua ya plamu, nyeupe juu ya nyeupe. Zdravka alimwona Dimo akilitoa bomba bandani, akaenda hadi kwenye ua.

"Dimo! Dohani kwanza!"

"Kesho, jirani, kesho! Leo meno yanapiga ngoma!"

"Nikuletee ngazi?"

"Niletee supu!" Akafunga mlango.

Zdravka alirudi kwake akakaa mezani. Alikata ukingo mweusi kwa mkasi wa ushonaji. Alibandika picha ya Dimo aliyopigwa katika matembezi ya wastaafu, amevaa kofia ya majani, amekenua meno yote. Juu akaandika kwa herufi nene: KWA MAJONZI MAKUU, DIMO KEREZOV. Chini akaongeza kwa herufi ndogo, ndogo kama zile za halmashauri: "Bado yu hai, lakini dohani yake imejaa kunguru na anawasha jiko. Asiyetaka kumzika aende akamwambie." Asubuhi, alipomwona Dimo bado anahangaika na bomba uani, akaibandika katikati ya ubao. Alikusudia kumtahayarisha tu. Mtu asiyeogopa kifo, aliwaza, huenda akaogopa kuchekwa.

Ilikuwa siku ya soko. Stoyna, dada yake Dimo anayeishi ng'ambo ya mto, alishuka kwenye basi na kikapu chake. Aliuona ukingo mweusi, akasimama kama kila mtu anavyosimama. Kisha akaiona kofia ya majani. Herufi ndogo hakuzifikia. Ukelele alioutoa uliwarusha njiwa wote wa uwanjani.

"Kaka yangu weee! Mnanibandikia ubaoni kabla ya kuniambia!"

Hata katika msiba mkono una desturi zake: alinyakua tulipu kwenye ndoo ya muuza maua, akazihesabu jozi jozi kama anavyopelekewa maiti, maana aliye hai hupewa witiri, na huyo akatimua mbio. Zdravka, aliyekuwa akibandika nakala ya pili mlangoni pa duka la mikate, alimwona akipita kama upepo.

"Stoyna! Stoyna, hajafa! Soma chini!"

"Nisome nini tena!"

"Bado yu hai, mama! Soma chini!"

Wakakimbizana hivyo mtaa mzima, mmoja akilia, mwingine akipiga kelele, sufuria ya gundi ikimwagika juu ya theluji. Waliotazama madirishani walicheka mpaka wakashika mbavu. Walipofika getini kwa Dimo, Stoyna alikuwa amekwisha kuelewa, na majonzi yalikuwa yamegeuka matusi.

"Mchawi wewe! Moyo wangu umenitoka! Ngoja kaka atoke, atakuvisha sufuria hiyo kichwani! Dimo! Dimo, njoo uone kichaa wako!"

Dimo hakutoka. Zdravka alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa ameinua uso. Kunguru wawili walikuwa wamekaa juu ya dohani, wametulia, manyoya yamefumka kama watu wanaoota moto. Moshi haukuwepo, hata uzi mmoja. Na hata hivyo harufu ya kuni zinazoungua ilikuwa pale, ikipenya chini ya mlango.

"Stoyna," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, "sogea."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akairusha sufuria kwenye dirisha, kioo kikapasuka, akapitisha mkono akafungua komeo bila kujali damu. Ndani, Dimo alikuwa amekaa mezani, kichwa amekilaza karibu na kikombe, mashavu mekundu kama ya bwana harusi. Picha ile ile ya Lyuben. Zdravka akakumbuka kwamba safari hii hakuchelewa kujua. Akaivuta pumzi ya nje, akaruka ndani, akamshika Dimo kwapani.

"Miguu, Stoyna! Usilie, shika miguu!"

Walimburuta hadi chini ya mplamu. Waliokuwa wakicheka madirishani sasa walikuja mbio, mmoja akaliita gari la wagonjwa, mwingine akavua koti. Stoyna alimpiga kaka yake makofi ya mashavuni, kulia, kushoto. "Amka, mpumbavu! Amka, nimekununulia maua!"

Dimo akakohoa. Akatapika juu ya theluji. Akafumbua jicho moja, akaiona damu ya Zdravka, akayaona maua ya dada yake.

"Stoyna," alinong'ona, "hizo tulipu mbona ni jozi?"

Stoyna akacheka huku analia, akaketi kwenye theluji kama mtoto. Alichomoa tulipu moja ili zilizobaki ziwe za mtu aliye hai, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akampa Zdravka. Wengi waliokuwepo walishusha pumzi kwa pamoja, na ilisikika kama lango zito linalofunguliwa.

Dimo alipotoka hospitalini, wazimamoto walikuwa wamekwisha kuifungua dohani. Walitoa vijiti kikapu baada ya kikapu, sufu ya kondoo, na juu ya yote nyuzi nyekundu na nyeupe, rundo zima. Ni zile nyuzi ambazo kila mkazi huzivaa mkononi Machi mosi ili apate afya, kisha huzifunga kwenye mti uliochanua. Kunguru walikuwa wamezikusanya. Baraka za mji mzima, afya za watoto wa mtaa mzima, zilikuwa zimeiziba pumzi ya mtu mmoja.

"Tazama," alisema Dimo akiwa amezishika kiganjani. "Mlinitakia mema mpaka nikakaribia kufa."

"Kutakia mema ni rahisi," alijibu Zdravka. "Ngazi ndiyo nzito."

"Na picha ile, jirani! Katika picha zote, ukachagua ya kofia ya majani?"

"Utapata nyingine ukifa kweli. Haya, shika sufuria."

Akaishika. Tangu siku hiyo wawili hao huzunguka pamoja, Zdravka na karatasi, Dimo na gundi, naye huisimulia tanzia yake kwa kila anayesimama. Mtaa wa Mierebi ulisafisha dohani zake zote kabla ya Pasaka. Jioni walipomaliza, moshi ulipanda juu ya kila paa, mnyoofu kama nyuzi za fundi, na Zdravka alisimama uani akautazama mpaka shingo ikamuuma. Hakuwa ameutazama moshi kwa furaha tangu kufa kwa Lyuben.

Lakini mitaa ya ng'ambo ya mto bado inacheka. Na wewe uliyesoma mpaka hapa umekaa karibu na jiko, sivyo? Iweke chini karatasi hii. Toka nje sasa hivi, na koti utalivaa njiani. Inua uso: je, moshi unatoka? Kama hautoki, fungua madirisha, watoe watoto nje, kagonge na kwa jirani asiyependa kugongewa. Kisha lete ngazi. Usiniambie kesho, kesho ni neno la Dimo, na si kila Dimo ana dada anayefika siku ya soko. Inuka, maana mdharau mwiba mguu huota tende.