Mama Njugu na Nafasi ya Tenga Moja

Paukwa!
— Pakawa!
Mkiona patupu?
— Tunapakalia!
Basi pakalieni upesi, fisi yuko karibu.

Ndani ya kompyuta ya shule palikuwa na uwanja na ghala. Uwanja ndio kumbukumbu, kazi zote zinafanyikia humo. Ghala ndiyo diski. Umeme ukizimwa, cha ghalani kinabaki, cha uwanjani, fyu! kinafutika kama hakikuzaliwa.

Panya Mama Njugu kazi yake kuhamisha vitu kwa tenga, uwanjani mpaka ghalani, watoto sita nyuma yake. Lakini tenga halipakiwi hewani, lazima litue, na nafasi ya kutua anaigawa Bwana Fisi. Sasa huyo Fisi, jamani! Akiona patupu, analalia. Akiona patupu, analalia.

Asubuhi, uwanja haujajaa, Mama Njugu akakalia nafasi ya tenga moja, akiba ya siku ya shida.

"Ondoka hapo!"

"Mtoto amepakojolea, bwana."

Fisi, mla mizoga, akaziba pua!

Saa nne uwanja ukajaa pomoni.

"Bwana Fisi, nipe nafasi nibebe."

"Beba kwanza, nafasi ipatikane."

"Nitabebaje sina nafasi?"

"Nitakupaje nafasi hujabeba? Ngoja."

Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, kompyuta ikaganda, ti!

Nje mwalimu akagonga meza. "Imeganda tena! Nikimaliza chai hii, naizima."

Mama Njugu akasikia. Watoto wote sita wamo uwanjani! Hakulia, hakuomba tena. Akainuka, akatua tenga pale pale alipokalia, akampakia Njugu, mwanawe wa kwanza, puku puku puku, ghalani. Akarudi, pale pale, wa pili, puku puku puku. Akiondoka, waliobaki wanapakalia, na kwa woga, churururu, sasa wanakojoa kweli. Fisi akisogea, anaziba pua.

Wa sita alipopakiwa, mama akajitwika tenga, safari hii bila kurudi.

"Nipakie na mimi!" Fisi akalia.

"Hutoshi, bwana. Punguza tumbo kwanza, nafasi ipatikane."

"Nitalipunguzaje sasa hivi?"

"Ngoja."

Puku puku puku. Mlango wa ghala, pa!

Mwalimu akamaliza chai. Tka!

Fyu.

Hadithi yangu nimeitia ghalani, aliyebaki uwanjani shauri yake. Na funzo, wanangu: msifiche akiba, ni uchoyo. Kila mlicho nacho mpeni mkubwa awagawie, siku ya shida atawakumbuka. Hamwamini? Kamuulizeni Fisi.