Kila Kitu Kiitwe Mbaruku

Palikuwa na programu ya kompyuta iliyowakumbusha akina mama siku za chanjo. Watu wengi waliiandika kwa kujitolea, na msimamizi wao alikuwa Zawena. Mashine iliyoihifadhi ilikuwa mali ya Tajiri Mbaruku.

Siku moja Mbaruku akaingia akitikisa bakora. "Vipande vya programu hii mmeviita mtoto, sindano, tarehe. Mimi niko wapi? Kila kitu kiitwe Mbaruku, la sivyo naichomoa mashine yangu!"

Zawena aliwafikiria watoto, kisha akatabasamu. "Umechelewa kudai haki yako, baba. Mtoto ataitwa Mbaruku wa Kwanza, sindano Mbaruku wa Pili. Na namba yako ya simu tusiiweke?"

"Iwekeni! Tena kwa herufi kubwa!"

Hata wiki haikwisha, Mbaruku akarudi mbio, kandambili mguu mmoja, simu ikilia mkononi. "Zawena mwanangu, watu gani hawa? Mmoja kaniamsha eti Mbaruku wa Pili amekwama, nikamkwamue! Mwingine ananifokea kwa nini najirudia mara mbili!"

"Ndiyo desturi yetu, baba. Mwenye jina lililoandikwa kwenye kipande ndiye anayekitengeneza kikiharibika."

"Nitoe humo!"

"Nikikutoa, si utaichomoa mashine?"

"Ichukueni iwe yenu! Nitoe tu!"

Simu ikalia tena. Zawena akaipokea kwa upole. "Mbaruku yupo, dada. Subiri kidogo, anamalizia kutukabidhi mashine."