Sahani ya Kijiji Kilichozama

Haya sogeeni, niseme haraka kabla huyu mtoto hajaamka. Mnazijua zile sahani za buluu kwenye vidaka vya nyumba za zamani, zenye miti na madaraja? Huko Uingereza zilikotoka walikuwako watu watatu, kijiji kimoja, kiwanda kimoja. Mzee Sila alichonga picha kwenye shaba. Shaba ikipakwa wino, picha hupigwa kwanza kwenye karatasi; Kezia, mama kijana, ndiye aliyeibandika karatasi hiyo yenye wino mbichi juu ya sahani, ukitikisika tu umeharibu. Enoki alikuwa mtu wa tanuri, moto aliujua kwa rangi yake.

Basi kijiji chao kikafunikwa na bwawa. Kanisa, daraja, makaburi, vyote chini ya maji.

Mzee Sila akakichonga kwa kumbukumbu, mpaka dirisha la mama yake. Lakini hamu ilimzidi, mkono ukarudia kazi ya ujana, picha za vitabu, ambako shaba huchongwa kinyume. Ya sahani huchongwa kama ilivyo, maana picha hugeuka ikienda kwenye karatasi, ikageuka tena ikienda kwenye sahani! Sahani ya kwanza ikatoka kanisa limehamia ng'ambo ya mto.

"Mzee, umetuhamisha tena," Enoki akamcheka. Sila akalia.

"Nyamazeni, wino utakauka!" Kezia akapiga chapa nyingine, akaikandamiza karatasi hiyo juu ya karatasi nyingine tupu, picha ikageuka, ndipo akaibandika hiyo ya pili kwenye sahani. Kijiji kikakaa sawa, ila wino hafifu kama pumzi kwenye kioo.

"Moto wa kawaida utaifuta," Enoki akasema. Akaitafutia pembe ya tanuri isiyo na moto mkali, akakaa nayo, hakula, hakuruhusu mtu aongeze makaa. Ikatoka buluu, nzima.

Ikawa hiyo moja tu. Kiwanda kinafungwa, shaba imeshayeyushwa, kesho kila mtu na mji wake, kwa hiyo msiniambie waipokezane.

"Mimi ndiye niliyekikumbuka," Sila akasema. "Na kumbukumbu yenyewe inaniponyoka."

"Babu, bila mimi ungekikumbuka kinyume," Kezia akasema, mtoto mgongoni. "Na mwanangu huyu hajapaona kwetu. Nitamwonyesha nini?"

"Na bila mimi mngetazama sahani nyeupe," Enoki akasema, safari hii hacheki. "Mke wangu amelala nyuma ya lile kanisa. Sina pengine pa kumtembelea."

Sahani ikabaki katikati ya meza, kila mmoja kidole chake ukingoni, na hakuna anayethubutu kuivuta.

Haya, wewe ungemwambia nani aichukue? Na wale wawili ungewatazamaje?