Nani Apewe Barua ya Ajira?

Sikilizeni, nina kesi imenishinda. Huenda ninyi mtaiweza.

Vijana watatu walimaliza chuo kikuu, wakapokewa kwa mafunzo ya miezi sita kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja wa milimani. Nyamizi haoni, alisomea ustawi wa jamii, akapewa simu za wateja. Kahema hasikii, alisomea kemia, akapelekwa maabara. Tusajigwe hutumia kiti cha magurudumu; ni mhandisi, lakini alikabidhiwa kabati la ramani kuukuu, pengine ili asimsumbue mtu.

Asubuhi moja mama mmoja akapiga simu: mwanawe anatapika. Akapiga wa pili, na wa tatu. Nyamizi hakuandika "malalamiko" akaishia hapo. Alimuuliza kila mmoja, "Mama, maji mmechota wapi?" Wote wakataja mtaa mmoja, wenye shule ya msingi. Akamtuma dereva akachote maji ya mtaa ule, ayapeleke maabara.

Kahema akapima. Dawa ya klorini haikuwemo hata chembe. Meneja, Mzee Mwakalinga, akatikisa kichwa. "Hicho kipimo kibovu."

Kahema alimsoma midomo. Akachukua kipimo kingine, akapima mbele yake. Yale yale. Akaandika kwa herufi kubwa: FUNGENI MAJI SASA.

Wafunge wapi? Mafundi walitaka kufunga mji mzima, hospitali ikiwemo.

"Ngojeni," akasema Tusajigwe, akafungua kompyuta. Zile ramani alikuwa amezichora upya zote, bomba kwa bomba. "Fungeni koki ya nyuma ya soko, ndiyo inayopeleka maji mtaa ule peke yake. Kisha chimbeni pale bomba la majitaka linapokatiza juu ya bomba la maji safi."

Wakachimba. Kweli, mabomba yote mawili yalikuwa yamepasuka, majitaka yakivujia kwenye maji safi.

Maji yalikuwa yamefungwa kabla wanafunzi mia sita wa shule ile hawajatoka mapumziko kwenda kuyanywa. Watoto waliougua walitibiwa, wote wakarudi nyumbani. Mwalimu wao mkuu alikuja ofisini, akawashika mikono vijana wale mmoja mmoja, huku akicheka na machozi yakimtoka.

Mafunzo yalipokwisha, ikatangazwa nafasi ya ajira ya kudumu. Moja tu. Meneja akawaita.

"Mzee, nisikudanganye, kazi hii naitaka," akasema Nyamizi. "Ila siwezi kusema wenzangu hawaistahili."

"Hata mimi naitaka," akasema Tusajigwe.

Kahema akasogeza karatasi yake: "Na mimi."

Wakacheka wote wanne. Lakini kalamu bado iko mkononi mwa Mzee Mwakalinga. Haya, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?