Korongo na Kamba ya Kupimia Ngoma

– Paukwa!

– Pakawa.

– Zilikuwako ngoma mbili, na mmoja aliyezipima kwa kamba.

– Tupe habari zake.

Basi sogeeni, mniazime masikio. Na wewe unayesinzia huko nyuma, kaa vizuri. Ngano hii si ya kuchekea.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi nzito. Aliyefiwa hakunywa maji ya kidimbwi pamoja na wenzake. Alikaa mkekani, akilamba umande wa majani tu, mpaka siku ya kuanua matanga. Hapo ngoma ilipigwa mlangoni pake. Akiinuka akacheza, hata hatua moja, matanga yameanuliwa, anakwenda kunywa. Asipoinuka, anarudi kwenye umande wake. Na ngoma ya matanga haikupigwa zaidi ya asubuhi tatu.

Mpiga ngoma alikuwa Bibi Kakakuona. Mkono mmoja ulipiga msondo, ile ngoma kubwa yenye sauti nzito. Mkono wa pili ulipiga chapuo, ile ndogo yenye kelele. Zikilia pamoja, hakuna mguu unaotulia. Hata Kobe alicheza, na Kobe mnamjua.

Sasa, Korongo alikuwa ndege wa kupima. Hatua yake ya leo ilikuwa sawa na ya jana. Naye alikuwa na swali moja lililomnyima raha: ngoma ile ina nini hata iwe tamu vile? Wengine walisema ni ngozi. Wengine walisema ni mti uliochongwa. Korongo hakuridhika.

Siku moja ya ngoma ya matanga akawa anatembea hatua zake sawasawa, akidondosha vijiwe. Msondo ukilia, kijiwe cheusi. Chapuo ikilia, kijiwe cheupe. Kisha akarudi na kamba, akapima kutoka kijiwe hadi kijiwe. Penye vyeusi viwili, vyeupe vilikuwa vitatu. Akapima tena, vikawa vitatu. Akapima mara ya tatu, vikawa vitatu vilevile.

Akaenda mbio kwa Bibi Kakakuona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema?"

"Nimeipata siri ya ngoma yako. Ni tatu kwa mbili. Hakuna kingine."

Bibi Kakakuona akatafakari. "Huenda ni kweli," akasema. "Mikono yangu inajua. Mimi sijawahi kuiuliza."

Haukupita muda mikono ile ikavimba kwa uzee, na ngoma akapewa Korongo. Alipiga chapuo kwa mdomo, msondo kwa mguu. Harusini walicheza mpaka vumbi likawafunika. Korongo akavimba kichwa. "Mnaona?" akawaambia. "Ngoma ni hesabu. Anayejua hesabu anamwinua yeyote."

Kisha msiba ukaingia bondeni. Chui alimchukua mume wa Digidigi njiani, mchana kweupe.

Digidigi hawaishi mmoja mmoja, wanaishi wawili wawili. Yule aliyebaki akaketi mkekani, hasemi, hali. Na kiangazi kilikuwa kimeanza. Umande ulipungua kila kukicha, naye Digidigi akakonda, ulimi ukamkauka. Wote walijua kwamba asipoinuka kwa ngoma, atakufa kwa kiu, na kidimbwi anakiona.

Asubuhi ya kwanza Korongo akaja na ngoma zake.

Ti-ti-ti, ndu-ndu,
inuka, mwenzetu, inuka,
maji yanakungoja.

Nyani akacheza. Nguruwe akacheza. Kobe akacheza. Digidigi hakuinua hata sikio.

Korongo akaenda kupima upya. Tatu kwa mbili, sawa kabisa. Akakausha ngozi za ngoma motoni zikaze, sauti itoke kali.

Asubuhi ya pili akapiga kwa nguvu zaidi.

Ti-ti-ti, ndu-ndu,
inuka, mwenzetu, inuka,
maji yanakungoja.

Nyani akacheza. Nguruwe akacheza. Kobe akacheza. Digidigi alijikunja, akageukia ukutani.

Korongo akahesabu. Imebaki asubuhi moja. Aliogopa, na safari hii hakuogopa aibu. Alimwogopea Digidigi. Akaenda kwa Bibi Kakakuona, kichwa chini.

"Bibi, kipimo kimekosea wapi?"

"Hakijakosea. Ulipopima ngoma yangu ya matanga, ulianzia wapi?"

"Kwenye pigo la kwanza."

"Mimi nilianza siku tatu kabla ya hapo," akasema Bibi Kakakuona. "Nilikwenda kwa mfiwa, nikazifudikiza ngoma mlangoni, nyuso chini zisilie, nikakaa naye mkekani. Wewe hukuniona?"

Korongo alikuwa amemwona. Miaka yote alimwona. Alidhani ni ajuza anapumzisha miguu, na siku hizo tatu yeye alizitumia kusokota kamba. Akaona haya mpaka shingo yake ndefu ikapinda.

Siku tatu hazikuwapo tena. Ilikuwapo moja. Akazibeba ngoma, akazifudikiza mlangoni kwa Digidigi, akakunja miguu yake mirefu, akakaa.

Alikaa asubuhi iliyobaki. Alikaa adhuhuri. Kamba haikuwa na kazi pale. Alasiri Digidigi akafungua kinywa.

"Njiani mimi nilikuwa nikitangulia," akasema, sauti imekauka. "Yeye alikuwa akija nyuma, anaonja kila jani. Hatua chache, nasimama kumsubiri. Akifika, tunaendelea. Hata sasa nikienda kwenye umande, Korongo, miguu inasimama yenyewe. Nasubiri. Halafu nakumbuka kwamba haji."

Korongo akasogea karibu naye. Akakaa naye mpaka jua likatua.

Asubuhi ya tatu wanyama wakakusanyika, na hakuna aliyetania. Korongo akazifudua ngoma. Akapiga taratibu, kwa mwendo wa kwato ndogo njiani.

Ti-ti-ti, ndu-ndu,
ti-ti-ti, ndu-ndu,
ti-ti-ti, ndu...

Akauinua mguu juu ya msondo, asiushushe.

Ngoma ikanyamaza. Nyani akasimama mguu mmoja juu. Nguruwe akasimama. "Amekosea," Kobe akanong'ona. Korongo hakutikisika. Mguu wake ulitamani kupiga, maana alijua hasa pigo lile linapokaa, na kila mfupa wake ulimwambia umechelewa. Akasubiri. Bonde zima likasubiri.

Digidigi akainua kichwa. Akawatazama wote wale, wamesimama kama yeye anavyosimama njiani, wanamsubiri asiyekuja. Tangu afiwe alikuwa anasubiri peke yake.

Akajiinua. Akanyanyua ukwato, akaushusha chini.

Ndu.

Pigo likatimia, mbili chini ya tatu. Korongo akashusha mdomo kwenye chapuo, akaendelea pale pale alipoishia, na safari hii machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya ngozi ya ngoma. Digidigi akatembea hatua ya pili, akatembea ya tatu. Hakuna aliyemtangulia. Akafika kidimbwini, akainama, akanywa kwa muda mrefu. Aliposhiba maji ndipo akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba, na wenzake wakalia naye.

Funzo lake ni hili, wanangu. Hesabu ya Korongo ilikuwa ya kweli, asije mtu akawaambia vingine. Ilimwonyesha pigo linapokaa. Haikumwonyesha pigo hilo ni la nani. Kwa hiyo ukitaka kumwinua aliyeanguka, jua kazi yako vizuri, kisha nenda ukakae naye kwanza.

Ngano yangu imefika majini, nami naiachia hapo. Kama imewaingia, ni yenu nyote. Kama haikuwaingia, nirudishieni nikakae nayo tena.